Kuunda Upya Mchezo wa Lemmings kama Programu Huria: Kanuni, Udhihirisho na Kazi ya Ngazi, 1991–2012

Utangulizi

Mwezi Februari 1991, kampuni ya Psygnosis ya Liverpool, Uingereza, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Lemmings, uliotungwa na DMA Design, kampuni changa ya mji wa Dundee huko Scotland. Ulikuwa mchezo wa mafumbo, na siku ya kwanza pekee ziliuzwa nakala 55,000. Miaka saba baadaye, mnamo 1998, mtunzi wa programu wa Kijerumani, Ingo Ruhnke, alianza kuandika Pingus, mchezo unaofuata kanuni zilezile kwa kiasi kikubwa lakini ukiwa na pengwini badala ya lemingi, na ukiwa umewekwa chini ya Leseni ya Umma ya Jumla ya GNU. Makala haya yanachunguza kilichotokea kati ya michezo hiyo miwili: ni nini kilichochukuliwa kutoka kwa ule wa kwanza, ni nini kilichoachwa, na ni nguvu zipi zilizoamua mpaka kati ya kinachochukulika na kisichochukulika.

Ni rahisi kuisimulia historia ya namna hii kama hadithi ya ushujaa wa mtunzi mmoja wa programu, au kama sura ya historia ya hakimiliki. Simulizi zote mbili zina ukweli ndani yake. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba zote mbili zinaipita kando sehemu iliyo nzito zaidi. Msimbo uliweza kuandikwa upya, na sheria iliruhusu kanuni za mchezo kuigwa. Kilichokuwa kigumu ni ngazi, yaani mafumbo yenyewe, kwa sababu hizo ni zao la muda mrefu wa kazi ya watu kadhaa waliolipwa kukaa pamoja na kujaribiana akili. Hapo ndipo programu huria ilipokutana na kikwazo ambacho leseni peke yake haiwezi kukiondoa.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa mapema. Neno la Kiingereza linalotumika kuzitaja programu za aina hii hubeba maana mbili kwa pamoja, ya kutolipiwa na ya kuwa na uhuru, na wanaharakati wa programu hizo wametumia miongo kadhaa kueleza kwamba wanakusudia maana ya pili. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kitu cha bure ni cha bure, na kitu huria ni huria, kama tusemavyo soko huria au chuo kikuu huria bila yeyote kudhani kwamba huko hakuna malipo. Kwa hiyo "programu huria" katika makala haya ni programu ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuiendesha, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, iwe ameinunua au hakuinunua.

Mchezo wenyewe na asili yake

Chanzo cha Lemmings kilikuwa jambo dogo. Mwaka 1989, DMA Design ilikuwa ikitengeneza mchezo mwingine, Walker, na msanii mmoja alikuwa akichora askari wadogo wa pikseli 16 kwa 16. Mike Dailly alidhani kwamba mtu anayetembea angeweza kuchorwa katika eneo dogo zaidi, pikseli 8 kwa 8, na muda si mrefu akawa na kikatuni cha vijitu vinavyotembea kwa msururu kuelekea kwenye maangamizi yao. Gary Timmons aliuboresha mwendo wao. Mwenzao Russell Kay alipokiona akasema kwamba humo mna mchezo, na ndiye aliyewaita viumbe hao lemingi. Mwanzilishi wa kampuni, David Jones, ndiye aliyeandika programu ya toleo la Amiga.

Kanuni za mchezo zinaelezeka kwa maneno machache. Mlango hufunguka, viumbe hudondoka mmoja baada ya mwingine, nao hutembea mbele bila kusimama. Wakikutana na ukuta hugeuka, wakikutana na shimo huanguka, na wakianguka kutoka juu sana hufa. Mchezaji hawaongozi moja kwa moja. Anachoweza kufanya ni kumpa mmoja wao kazi mojawapo kati ya nane: kupanda ukuta, kushuka kwa mwavuli, kulipuka, kuwazuia wengine, kujenga ngazi ya matofali, kutoboa mlalo, kuchimba kwa mshazari au kuchimba wima. Kazi hizo hutolewa kwa idadi maalumu. Mjenzi huweka matofali 12 kisha huacha. Anayelipuka huhesabu sekunde 5 kwanza. Lengo ni kufikisha mlangoni asilimia fulani ya viumbe kabla muda haujaisha. Toleo la kwanza lilikuwa na mafumbo 120, yaliyogawanywa katika makundi manne yenye mafumbo 30 kila moja, kuanzia yale ya kujifurahisha hadi yale ya kukatisha tamaa.

Kiufundi, jambo lililoutofautisha mchezo huu na michezo mingi ya wakati wake ni ardhi yenyewe. Katika michezo mingi ya enzi hiyo uwanja ulijengwa kwa vigae vikubwa visivyobadilika. Katika Lemmings uwanja ni picha, na programu husoma pikseli za picha hiyo kuamua kama kiumbe amesimama juu ya kitu au la. Anayechimba hufuta pikseli. Anayejenga huongeza pikseli. Kutokana na hilo, pikseli moja iliyobaki baada ya kuchimba inaweza kumfanya kiumbe ageuke na kuliharibu suluhisho lote. Mtu anayetaka kuuunda mchezo huu upya hana budi kuamua maelfu ya mambo ya namna hii, na mengi kati yake hayakuandikwa popote.

Inafaa kuongeza kwamba Lemmings wenyewe haukuzuka kutoka ombwe. Dhana kwamba lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wa nchi za kaskazini, hujitupa majabalini kwa makundi ni imani potofu ya zamani, ambayo filamu ya White Wilderness ya mwaka 1958 ilichangia sana kuieneza. Mchezo uliazima imani hiyo bila kumlipa mtu. Kuhusu muziki, jambo hilo lilikuwa wazi zaidi. Mwanzoni zilitumika nyimbo zilizojulikana za watu wengine. Ilipobainika kwamba zingeleta matatizo ya hakimiliki, nyingi ziliondolewa, na mahali pake zikaingia nyimbo za kimapokeo pamoja na vipande vya watunzi waliokwishafariki zamani, wakiwemo Mozart na Offenbach. Kwa maneno mengine, mwaka 1990 au 1991 watunzi wa Dundee walifanya kile hasa ambacho watunzi wa Pingus walikuja kufanya baadaye: walitenganisha kilicho cha wote na kilicho cha mtu, na wakabadilisha cha pili. Jambo hili husahaulika pale mchezo wa asili unapotazamwa kama mali iliyokamilika na ule uliouiga kama kivuli chake.

Mpaka uliowekwa na sheria

Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyodhihirishwa, hailindi wazo lenyewe. Kanuni hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mahakama Kuu ya Marekani iliieleza katika kesi ya Baker dhidi ya Selden, ambamo ilisema kwamba mtu aliyeandika kitabu kuhusu mfumo wa uwekaji hesabu anamiliki kitabu, hamiliki mfumo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulifikiria bao. Mchongaji anaweza kudai ubao alioupamba kwa mkono wake. Hakuna awezaye kudai kutakata au kudai nyumba.

Sheria ya Ulaya ilifikia hatua muhimu katika mwaka uleule wa Lemmings. Tarehe 14 Mei 1991, Jumuiya ya Ulaya ilipitisha Agizo namba 91/250 kuhusu ulinzi wa programu za kompyuta. Agizo hilo liliziweka programu chini ya ulinzi wa hakimiliki, sawa na maandishi ya fasihi, lakini lilitamka pia kwamba mawazo na misingi iliyo chini ya sehemu yoyote ya programu hailindwi. Ujerumani iliingiza agizo hilo katika sheria yake mwaka 1993, miaka mitano kabla Ruhnke hajaanza kazi. Mwaka 1994 msingi huohuo uliandikwa katika Mkataba wa TRIPS, kifungu cha 9, na kwa njia hiyo ukazifunga pia Kenya na Tanzania, ambazo zote zilikuwa wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwanzo wa mwaka 1995.

Msingi ulikuwa wazi. Utekelezaji wake haukuwa hivyo. Nchini Uingereza, katika kesi ya Nova dhidi ya Mazooma iliyoamuliwa mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa ilikataa dai la mtunzi wa mchezo wa kuigiza meza ya pool aliyelalamika kwamba wengine wameiga sura na mwenendo wa mchezo wake. Mahakama iliona kwamba kilichoigwa kilikuwa mawazo ya jumla mno. Kisha ukaja mwezi Mei 2012, ambao mtafiti wa eneo hili hawezi kuuruka. Tarehe 2 Mei, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua katika kesi ya SAS Institute kwamba utendaji wa programu haulindwi na hakimiliki: mtu anayechunguza programu inavyofanya kazi na kuandika yake inayofanya vilevile, bila kunakili msimbo, hajavunja sheria. Tarehe 30 ya mwezi huohuo, mahakama ya shirikisho huko New Jersey iliamua kesi ya Tetris Holding dhidi ya Xio. Kampuni ya Xio ilikuwa imetengeneza mchezo wa simu uitwao Mino, ikakiri kwamba iliiga Tetris, na ikajitetea kwamba ilichukua kanuni tu. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hazina mwenyewe, lakini ikaona kwamba Xio ilivuka mpaka: ukubwa wa uwanja wa miraba 10 kwa 20, maumbo na sura ya vipande, kivuli kinachoonyesha kipande kitakapotua, vyote vilihesabiwa kuwa udhihirisho ambao mtunzi mwingine angeweza kuuepuka.

Hukumu hizo mbili hazipingani moja kwa moja, kwa kuwa moja ilihusu programu ya takwimu na nyingine mchezo, tena katika mifumo tofauti ya sheria. Lakini zikisomwa pamoja zinaonyesha kwa nini mtu anayeunda upya mchezo wa kale yuko katika hali ngumu kuliko anayeunda upya programu ya ofisi. Katika mchezo, sura na kanuni zimeshonwa pamoja. Je, kiumbe kufunua mwavuli anaposhuka ni kanuni au ni mchoro? Kushuka taratibu ni kanuni. Mwavuli ni mchoro. Walakini mchezaji anaujua mwavuli kabla hajaijua kanuni.

Pingus na hiari ya kujitenga

Uchaguzi wa pengwini katika Pingus ulikuwa na sababu mbili zilizofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni ya kitamaduni: pengwini Tux alikuwa tayari nembo ya Linux, na mchezo ulikusudiwa kwa watumiaji wa mfumo huo, ambao mwaka 1998 walikuwa na michezo michache mno. Ya pili ni ile iliyokwisha kuelezwa. Pengwini si lemingi mwenye nywele za kijani na joho la buluu. Theluji na barafu si mapango ya Dundee. Ruhnke na wenzake hawakuchukua picha, sauti wala ngazi za mchezo wa asili. Msimbo chanzo wa Lemmings haukuwa wazi kwa umma, hivyo hata huo hawakuwa na njia ya kuuchukua. Walichukua wazo la msururu usiosimama na sehemu kubwa ya orodha ya kazi, kisha wakaongeza za kwao, ikiwemo ya kuruka, na wakazipanga ngazi kwenye ramani ya visiwa badala ya orodha ndefu ya mafumbo.

Nguvu nyingine iliyousukuma mradi upande huo haikutoka mahakamani. Mradi wa Debian, mmojawapo wa wasambazaji wakuu wa Linux, ulitangaza mwaka 1997 miongozo yake kuhusu kinachostahili kuitwa programu huria. Kwa mujibu wa taratibu zake, programu ambayo msimbo wake ni huria lakini haiwezi kufanya kazi bila data isiyo huria haiingii katika hifadhi kuu; huwekwa pembeni, katika kitengo kinachoitwa contrib. Matokeo yake kwa michezo iliyoundwa upya yalikuwa makubwa. Njia ya mkato inayovutia zaidi ni kuandika injini mpya na kumwambia mchezaji alete faili za mchezo wa asili alizonunua. Lemmini, mchezo ulioandikwa kwa Java na Volker Oehm, ulifuata njia hiyo: unahitaji faili za Lemmings ya Windows. Pingus, kwa upande wake, unajitegemea, na hivyo ukaingia katika hifadhi kuu na kufika kwa kila aliyesakinisha mfumo huo na kuutafuta mchezo.

Njia zote mbili zina uhalali wake, na kila moja inahifadhi kitu tofauti. Anayechagua njia ya Lemmini anahifadhi mafumbo ya mwaka 1991 kwa usahihi, lakini yanabaki mali ya mwingine. Anayechagua njia ya Pingus anahifadhi kanuni na kuziweka huru, lakini mafumbo yale hayamo. Mtu aliyecheza Lemmings utotoni akafungua Pingus akitumaini kuyakuta mafumbo aliyoyajua atatoka mikono mitupu. Hilo si kasoro ya Pingus, ila ni gharama yake, na maandishi yanayousifu mradi huu huipita gharama hiyo haraka mno.

Zaidi ya hizo kuna njia ya tatu, iliyochukuliwa na Simon Naarmann katika mchezo wa Lix. Yeye hakutumia leseni ya GNU. Aliachilia kazi yake kwa tamko la CC0, ambalo kwalo mtunzi anaacha haki zake zote kadiri sheria inavyoruhusu. Lix ulitilia mkazo jambo ambalo toleo la Amiga lilikuwa nalo kwa wachezaji wawili wenye vipanya viwili kwenye mashine moja, yaani mashindano, na kulipeleka kwenye mtandao. Tofauti ya leseni hapa si ya kijuujuu. Leseni ya GNU humtaka kila anayesambaza toleo lililobadilishwa aliache huria pia, ilhali CC0 haimtaki chochote. Ruhnke alijenga ua kuzunguka uwanja wa wote. Naarmann aliuacha bila ua.

Kazi ya ngazi

Sehemu hii ndiyo kiini cha hoja. Namna ngazi za Lemmings zilivyotungwa inajulikana kutokana na kumbukumbu alizoziandika Dailly mwenyewe. Kampuni ilikuwa na kihariri cha ngazi chenye mwonekano wa programu ya uchoraji ya Deluxe Paint, hivyo kutunga ngazi kulikuwa karibu sawa na kuchora. Watunzi walishindana wao kwa wao. Mmoja alitunga fumbo, akawakabidhi wenzake, na mara nyingi wenzake walipata njia fupi ambayo yeye hakuiwaza. Basi akarudi kuiziba, na mchezo ukaanza tena. Baada ya hapo ngazi zilipelekwa kwa wajaribu wa Psygnosis, nao walirudisha majibu kwa faksi. Ngazi nyingi zilitatuliwa upesi. Zile zilizotafutwa hasa ni zile ambazo karatasi yake ilirudi imejaa muda ulioandikwa na kukatwa, ukaandikwa tena na kukatwa tena.

Kwa nini kazi yote hiyo haikuweza kufanywa na mashine? Jibu lilitolewa baadaye na wanahisabati wa kompyuta. Mwaka 2004 Graham Cormode alithibitisha kwamba kuamua kama ngazi ya Lemmings inatatulika ni tatizo gumu la kundi liitwalo NP, na baadaye Giovanni Viglietta alionyesha kwamba, pasipo kikomo cha muda, ugumu wake unafikia kundi la PSPACE. Matokeo hayo yanahusu mchezo uliopanuliwa hadi ngazi za ukubwa wowote, hayasemi kwamba ngazi fulani ya ukubwa wa kawaida haiwezi kuchunguzwa. Lakini yanaeleza jambo ambalo watunzi wa Dundee walilijua kwa uzoefu: haijulikani kanuni ya jumla, ya haraka, ambayo mtu akiipa ngazi itamwambia kama inatatulika. Na kuna swali gumu zaidi ambalo hesabu haligusi kabisa, nalo ni kama ngazi inafurahisha. Anayeweza kulijibu ni mtu mwingine aliyekaa mbele ya kioo na kushindwa mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Sasa hali hiyo ihamishiwe kwenye mradi wa kujitolea. Msimbo huvumilia kazi ya vipande vipande. Mtu mmoja anaweza kurekebisha hitilafu leo usiku, mwingine akaongeza kitu baada ya miezi mitatu, na kosa la mmoja linaonekana kwa wote kwa sababu programu inakataa kufanya kazi. Ngazi hazina tabia hiyo. Ngazi mbaya haikatai kufanya kazi. Inachosha tu. Mfululizo wa ngazi unahitaji jicho moja, au macho machache yanayofahamiana, ili ugumu uongezeke kwa mpango na kila fumbo lifundishe jambo litakalohitajika katika fumbo lijalo. Pingus uliweka ngazi zake katika faili za maandishi ya kawaida na ukampa kila mchezaji kihariri, yaani ulifungua mlango kwa upana unaowezekana. Waliouingia walileta ngazi nyingi, na baadhi ni nzuri kweli. Lakini kwa ujumla, kama mfululizo, hazifikii ukali wa mafumbo 120 ya mwanzo. Tathmini hii inaweza kupingwa, kwa kuwa haipimwi kwa namba. Hata hivyo mashabiki wengi wa mchezo wa asili walioendelea kutunga mafumbo kwa miaka mingi walichagua zaidi injini zilizo karibu na kanuni za asili, nao walitungiana ngazi na kuzijaribu kwa desturi ileile ya kuzibiana njia fupi. Kilichohamia kwao kutoka Dundee kilikuwa desturi hiyo, na desturi haina hakimiliki.

Hitilafu zilizogeuka kanuni

Anayeunda upya mchezo hukutana na swali ambalo mwanahistoria wa matini analijua vizuri: pale ambapo asili ina kosa, nakala ilifuate au ilirekebishe? Lemmings ulikuwa na hitilafu nyingi ndogo, na wachezaji waligundua namna ya kuzitumia. Baadhi ya masuluhisho maarufu yanazitegemea. Isitoshe, mchezo ulihamishiwa kwenye zaidi ya aina 20 za mashine, na matoleo hayakufanana kwa kila kitu, kwa hiyo hata neno "asili" lina utata: asili ya Amiga si sawa kabisa na ya PC, ambayo Kay aliiandika upande wake.

Ruhnke alilikwepa swali hili kwa kutodai uaminifu wowote. Pengwini wake wana mwendo wao, urefu wao wa kuanguka, na fizikia yao. Mtazamo wa makala haya ni kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara zaidi kuliko ulivyoonekana kwa wakosoaji wake, kwa sababu mchezo usiodai kuwa nakala hauwezi kushtakiwa kwa kutokuwa nakala, mbele ya hakimu wala mbele ya shabiki. Lakini uamuzi huo una maana pia kwamba Pingus hauwezi kutumiwa kama ushahidi wa namna Lemmings ulivyokuwa. Mtafiti wa mwaka 2050 atakayetaka kujua mchezaji wa mwaka 1991 alihisi nini atalazimika kwenda kwingine, na huko kwingine kuna matatizo yake. Viigizi vya Amiga vipo, lakini vinahitaji programu ya ndani ya mashine hiyo, ambayo nayo ina mwenyewe, ingawa kampuni ya Commodore iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994.

Hali ya wamiliki wa mchezo wenyewe inastahili kutajwa hapa. Psygnosis ilinunuliwa na Sony mwaka 1993, na haki za Lemmings zikaenda nayo. DMA Design iliutoa mchezo wa Grand Theft Auto mwaka 1997, ikauzwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2002 ikawa Rockstar North, ikiwa na makao Edinburgh badala ya Dundee. Studio ya Liverpool iliyokuwa Psygnosis ilifungwa mwezi Agosti 2012. Watu waliozitunga zile ngazi 120 walikwisha kutawanyika, na haki juu ya kazi yao zilibaki kwa kampuni ambayo haikushiriki kuitunga.

Lakini haingekuwa haki kudhani kwamba upande wa programu huria haukuchakaa. Pingus ulijengwa kwanza juu ya ClanLib, maktaba ya programu ya kutengenezea michezo ambayo mwaka 1998 ilionekana kuwa na mustakabali mzuri. Kila maktaba hiyo ilipobadilika, Pingus ulilazimika kuandikwa upya kwa sehemu, na wasambazaji wakalazimika kubeba matoleo ya zamani ya ClanLib kwa ajili ya michezo michache tu. Toleo la 0.7, lililotoka mwaka 2007, liliihama na kwenda kwenye SDL. Toleo la 0.7.6 lilitoka mwaka 2011. Hadi hapo, baada ya miaka 13, watunzi walikuwa hawajaona kwamba mchezo unastahili kuitwa toleo la 1. Tangu hapo maendeleo yalipungua. Kilichoendelea ni kazi ya watunzaji wa vifurushi katika Debian na kwingineko, ambao kila kikusanyaji kipya cha C++ kinapokataa mstari uliokubalika jana, huandika kiraka cha mistari michache, hukituma, na kuuacha msururu wa pengwini uendelee kutembea.